Ngomeni: Mchanga, chumvi na setilaiti ya Uhuru

Ukivuka daraja la Sabaki ukitoka Malindi, bahari hubadilika. Kusini mwa mto, kuanzia Watamu hadi Malindi mjini, maji ni ya buluu na mwamba wa matumbawe huyavunja mawimbi kabla hayajafika ufuoni. Huko ndiko serikali ilikotangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu mwaka 1968. Kaskazini mwa mto, mwamba unakatika. Sabaki, ambao huko bara huitwa Athi na kisha Galana, hushuka na udongo mwekundu kutoka nyanda za juu, na msimu wa mvua maji ya rangi ya chai hutanda baharini hadi mbali. Matumbawe hayaishi kwenye tope. Ndiyo maana upande huu ni mchanga na matope tu: vilima vya mchanga vya Mambrui, fuo pana, misitu ya mikoko, na Ghuba ya Ungwana yenye maji mafupi, inayopinda kwenda kaskazini hadi Kipini ambako mto Tana unamwagikia.

Ngomeni imekaa kwenye ncha ya kusini ya ghuba hiyo, zaidi kidogo ya kilomita 30 kutoka Malindi. Wengi wetu Pwani tunaijua kwa samaki na kamba wake. Wachache wanajua kwamba jina la kazi moja iliyofanyika hapo limo katika vitabu vya fizikia vinavyosomwa Tokyo, Cambridge na Chicago. Kazi hiyo haieleweki usipoanza na mahali penyewe, kwa sababu kila aliyefika Ngomeni kutoka mbali, awe nahodha, mwenye kiwanda au mhandisi wa roketi, aliletwa na jiografia yake.

Unashuka matatu Gongoni, kwenye barabara ya Malindi kwenda Garsen, unachukua bodaboda na kukata kulia kuelekea baharini. Njia hupita kandokando ya viwanja vya chumvi, vyeupe mpaka macho yanauma jua likiwa juu. Baada yake ni mikoko, halafu nyumba za makuti na mabati, na mwisho ni ufuo wenye mashua zilizopandishwa mchangani, nyavu zinazoshonwa na samaki walioanikwa. Siku isiyo na ukungu, ukitazama baharini utaona maumbo ya chuma yamesimama juu ya miguu yao, mbali na nchi kavu, kama kilomita tano hivi.

Ngomeni si kisiwa, lakini huishi kisiwa. Bahari iko upande mmoja, hori na mikoko upande wa pili, na chumvi imekaa katikati ya kijiji na barabara kuu. Hata maji yake ni ya kisiwa. Mvua inaponyesha juu ya mchanga, maji matamu huzama na kutua juu ya maji ya bahari yaliyomo chini, kwa kuwa ya bahari ni mazito zaidi. Nchi ikiwa nyembamba, tabaka hilo la maji matamu huwa jembamba pia. Ukichimba kisima kwa pupa au ukivuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda. Watu wa visiwa vya matumbawe vya Pasifiki, kama Tokelau na Tuvalu, wanaishi na hesabu hiyo hiyo: nchi ya chini, mchanga, mvua, na kisima ambacho usipokiheshimu kinageuka bahari.

Kuna na pepo. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, bahari ikachafuka na mashua ndogo zikakaa. Kaskazi huja Novemba au Desemba na kutulia hadi Machi. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini, ukakutana na mkondo unaopanda kutoka Tanzania, na makutano yao yako kwenye bahari hii ya kaskazini mwa Kenya. Maji ya chini hupanda na chakula cha samaki, na mito miwili mikubwa, Sabaki na Tana, inaongeza rutuba yake. Ghuba ya Ungwana ni tajiri kwa sababu hizo, na haijapata kukosa wageni.

Mgeni mmoja wa zamani bado amelala chini ya maji. Mwaka 2013 mwanaakiolojia wa baharini wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Caesar Bita, alitambua mabaki ya meli ya kale karibu na ufuo wa Ngomeni, mahali ambapo kina cha maji hakizidi mita chache. Ndani yake mlikuwa na pembe za ndovu na vinoo vya shaba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, alioufanya pamoja na Filipe Castro wa Ureno, unapendekeza kwamba huenda ni São Jorge, moja ya meli za msafara wa tatu wa Vasco da Gama, ule wa mwaka 1524. Da Gama alikuwa akienda India kuwa mwakilishi wa mfalme wa Ureno, na alifariki Cochin mkesha wa Krismasi mwaka huo huo. Ikithibitishwa, itakuwa miongoni mwa meli za Ulaya za kale zaidi kupatikana katika Bahari ya Hindi. Watafiti wanaendelea kuichunguza kwa tahadhari, na inafaa hivyo. Kwangu mimi shaba na pembe zina uzito kuliko jina la meli. Pembe ni mali ya bara letu iliyokuwa njiani kwenda kuuzwa, na mbao zilizoibeba zimehifadhiwa na tope lile lile linaloua matumbawe.

Mambrui, mji jirani, una ushahidi wa biashara iliyotangulia Wareno. Kaburi lake la mnara lilipambwa kwa bakuli za Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa walipata hapo sarafu ya Yongle, mfalme wa Uchina wa mwanzo wa karne ya 15. Karne ya 19 ilileta mashamba makubwa ya Waarabu wa Oman na jasho la watumwa kati ya Malindi na Magarini, na mwaka 1914 Waingereza walipotaka kuwaondoa Wagiriama kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, vita vilizuka. Mekatilili wa Menza, aliyewaapisha watu wake wasikubali, amezikwa Bungale, katika Magarini hii hii. Halafu vita vya shifta vya miaka ya 1960 viliwasukuma Wabajuni wengi kushuka kutoka visiwa vya kaskazini, na baadhi yao wakatia nanga kwenye fuo hizi. Leo Ngomeni unasikia Kibajuni, Kigiriama na Kiswahili cha Malindi kwenye mashua moja.

Chumvi inahitaji maelezo zaidi, maana imebadilisha sura ya nchi kuliko jambo lolote. Ili upate chumvi ya jua unahitaji ardhi tambarare iliyo karibu sawa na usawa wa bahari, udongo usiopitisha maji, jua kali, upepo wa kukausha, na mvua isiyozidi. Kuanzia Gongoni hadi Marereni na Kurawa vyote vipo. Maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, huingizwa kwenye kiwanja cha kwanza, yakapunguzwa na jua, yakasogezwa cha pili, cha tatu, mpaka yanakuwa mazito. Jasi hutangulia kutua, halafu chumvi. Ukiinama ukingoni mwa kiwanja kilichokaribia kuvunwa siku isiyo na upepo, utaona vipande vidogo vya mraba, vyepesi, vinaelea juu ya maji vikikua pembe kwa pembe, mpaka uzito unavishinda vikazama. Hiyo ndiyo chumvi iliyo mezani kwako, uwe Kisumu au Nyeri.

Lakini viwanja hivyo vilikalia ardhi iliyokuwa na wenyewe, na palipokuwa na mikoko. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara Magarini, na ripoti yake ya mwaka 2006 ilieleza madai ya watu kufurushwa, mikoko kufyekwa, visima kuingia chumvi na vibarua kufanya kazi kwa ujira mdogo bila vifaa vya kujikinga. Mwaka huo huo serikali ilisimamisha uvuvi wa meli za kukokota nyavu katika Ghuba ya Ungwana, baada ya miaka ya ugomvi. Meli hizo zilifuata kamba, zikazoa na samaki wadogo pamoja na nyavu za wavuvi wa mashua. Ukizijua habari hizi mbili, utaelewa kwa nini mtu wa Ngomeni akisikia mradi mpya huuliza kwanza: ardhi ya nani?

Mradi mkubwa kuliko yote ulikuja kabla ya hayo, na haukutaka ardhi sana. Ulitaka anga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha La Sapienza, Roma, ambaye pia alikuwa jenerali wa jeshi la anga la Italia, alikuwa akitafuta mahali pa kurushia setilaiti. Italia ilikubaliana na NASA mwaka 1962: Wamarekani wangetoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha Waitaliano, nao Waitaliano wangejenga setilaiti na kituo chao wenyewe. Setilaiti ya kwanza, San Marco 1, ilirushwa na Waitaliano kutoka Wallops, Virginia, tarehe 15 Desemba 1964. Kwa zilizofuata, Broglio alitaka Ikweta.

Utingo anayeruka kutoka kwenye matatu ambayo haijasimama hulazimika kukimbia hatua kadhaa mbele, kwa sababu mwili wake bado una mwendo wa gari. Roketi nayo huondoka na mwendo wa ardhi ambayo ilikuwa imesimama juu yake. Dunia inapojizungusha, Ikweta ndiyo inayokwenda mbio kuliko sehemu nyingine zote: karibu kilomita 1,670 kwa saa kuelekea mashariki. Roma haifiki 1,250. Ngomeni, ikiwa digrii tatu tu kusini mwa Ikweta, inapata karibu mwendo wote huo bila malipo, na roketi ndogo inaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Faida ya pili ni kwamba setilaiti inayorushwa kutoka hapo inaweza kuizunguka Dunia juu ya Ikweta yenyewe. Ukirusha kutoka Virginia, njia yake itainama digrii 38 hivi, na kuinyoosha kunakula mafuta ambayo Scout haikuwa nayo. Na ya tatu ni bahari. Mashariki mwa Ngomeni hakuna mji wala kijiji kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Roketi ikiharibika au ikidondosha sehemu zake, inadondosha majini.

Basi Waitaliano hawakujenga mahali pa kurushia pwani. Walileta majukwaa kwa njia ya bahari na kuyasimamisha kwenye maji mafupi ya ghuba, miguu ikizamishwa kwenye sakafu ya mchanga. Santa Rita, lililokuwa jukwaa la kutafutia mafuta, lilifika kwanza, na mwaka 1964 roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka hapo. Jukwaa la San Marco lilifuata mwaka 1966, likawa la kurushia, na Santa Rita likawa chumba cha waongozaji, nusu kilomita kando, yakiunganishwa kwa nyaya zilizopita chini ya maji. Scout ilikuwa na urefu wa mita 20 na kitu, hatua nne, zote za mafuta makavu.

Tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 iliruka kutoka ghuba ya wavuvi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Ndani yake kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe cha kupima jinsi hewa nyembamba ya juu kabisa inavyoivuta setilaiti nyuma.

Ila iliyotikisa elimu ya nyota ni ya mwaka 1970. Miale ya eksirei inayotoka angani haifiki ardhini; angahewa huizuia, na ni bora hivyo kwa maisha yetu. Kwa hiyo hadi roketi zilipopatikana, binadamu hakujua kwamba kuna nyota zinazong'aa kwa miale hiyo. Mwaka 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, kilirusha vipimo juu kwa dakika chache tu na kuona chanzo kikali katika kundinyota la Nge. Baada ya hapo kila jaribio lilikuwa la dakika chache vile vile. Giacconi akataka chombo kitakachokaa juu na kuitazama mbingu yote.

Chombo hicho, chenye uzito wa kilo 140 hivi, kilitengenezwa kwa ajili ya NASA kwa jina la SAS-1. Vipimo vyake vilihitaji njia ya chini juu ya Ikweta, kwa sababu huko huwa mbali na chembe za mnururisho zinazojazana juu ya Atlantiki ya kusini na kuvuruga vipimo. Mahali pa kurushia palikuwa pamoja tu: Ngomeni. Kikarushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, na msimamizi wa mradi, mhandisi Marjorie Townsend, akakipa jina jipya: Uhuru. Ndilo jina linalotumika hadi leo katika maandishi ya kisayansi.

Kwa miaka miwili na ziada, mpaka Machi 1973, Uhuru ilizunguka Dunia mara 15 kwa siku ikijizungusha polepole na kufagia mbingu. Katika kundinyota la Kentauro iliona chanzo kinachopiga mapigo kila baada ya sekunde 4.8 na kupatwa kila baada ya siku mbili hivi. Wataalamu wakaelewa kwamba ni nyota ndogo nzito mno, nyota ya nutroni, inayozunguka na mwenzake na kunyonya gesi yake. Katika kundinyota la Bata Maji iliona Cygnus X-1 ikimetameta kwa kasi isiyo na mpango. Vipimo hivyo viliwaelekeza watafiti kwenye nyota yenyewe, na Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza ambacho wataalamu walikubaliana kwamba ni shimo jeusi. Orodha ya mwisho ya Uhuru ina vyanzo 339, na vingi bado vinaitwa kwa namba za Uhuru. Mwaka 2002 Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Kutoka jukwaa hilo zilirushwa setilaiti tisa kwa jumla. Moja ilikuwa ya Waingereza, Ariel 5, Oktoba 1974. SAS-2 ya Novemba 1972 ilichunguza miale ya gama, na SAS-3 ya Mei 1975 ikaendeleza kazi ya Uhuru. Ya mwisho ilikuwa San Marco D/L, tarehe 25 Machi 1988. Baada ya hapo chuma kimebaki baharini kikiliwa na chumvi.

Katika Pasifiki kuna mahali panapofanana na Ngomeni kuliko watu wanavyodhani. Kisiwa cha matumbawe cha Kiritimati, leo sehemu ya nchi ya Kiribati, kiko karibu digrii mbili kaskazini mwa Ikweta. Waingereza walilipua mabomu ya haidrojeni hapo mwaka 1957 na 1958, kwa hoja kwamba ni mbali na watu ni wachache. Baadaye Wajapani wakajenga kituo cha kufuatilia setilaiti, na kuanzia mwaka 1999 kampuni ya Sea Launch ikarusha roketi kutoka jukwaa lililokuwa la mafuta, katika bahari ya karibu. Huo ulikuwa mpango wa Ngomeni, miaka 32 baadaye. Kusini zaidi, Mururoa katika Polinesia ya Ufaransa, majaribio ya nyuklia yalianza Julai 1966, mwaka ule ule jukwaa la San Marco lilipofika kwetu, na huko Polinesia hayakukoma hadi 1996. Sisi tulipata vyombo vya kutazama nyota. Wenzetu walipata mnururisho na kesi za fidia. Lakini kanuni ya kuchagua mahali ilikuwa moja: pawe mbali, na waliopo wasiwe na sauti ya kukataa.

Usidhani kituo kilikufa majukwaa yaliponyamaza. Antena zake zilizoko nchi kavu ziliendelea kufanya kazi. Setilaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyofanya kazi kuanzia 1996 hadi 2002, ilikuwa ikipita juu ya pwani yetu katika kila mzunguko na kuteremsha habari zake hapo, ndipo zikapelekwa Roma. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko wa miale ya gama na, saa chache baadaye, mabaki yake yakififia. Kwa mara ya kwanza wataalamu waliweza kuonyesha kwa kidole mahali milipuko hiyo inapotokea, na hatimaye kuthibitisha kwamba inatoka kwenye galaksi za mbali sana. Tangu mwaka 2004 Shirika la Anga la Italia ndilo linaloendesha kituo, chenye jina la Broglio aliyefariki mwaka 2001. Hufuatilia roketi za Ariane zinazorushwa kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Darubini ya James Webb iliporushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, antena za kituo hiki zilikuwa miongoni mwa zilizopokea ishara zake za mwanzo.

Kwa Malindi mjini, kituo hiki kilileta Waitaliano, na wengi huhesabu kuanzia hapo ule mji wa hoteli, pizza na vijana wa ufuoni wanaozungumza Kiitaliano. Kwa Ngomeni kilileta ajira kadhaa, walinzi, madereva, wapishi, mafundi. Mkataba wa Kenya na Italia umefanywa upya zaidi ya mara moja. Wa karibuni ulitiwa saini mwaka 2016 na unataja mafunzo, takwimu za kutazama ardhi kutoka angani na msaada kwa Shirika la Anga la Kenya, lililokuja kuundwa mwaka 2017. Matunda yapo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwa ushirikiano na La Sapienza na shirika la anga la Japani, kilitengeneza setilaiti ndogo 1KUNS-PF, iliyoachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga tarehe 11 Mei 2018. Taifa-1 ikafuata tarehe 15 Aprili 2023. Ila Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Nchi yenye mahali pazuri mno pa kurushia ilikwenda kuomba nafasi upande wa pili wa dunia.

Ndiyo maana mazungumzo ya kujenga tena kituo cha kurushia roketi Kenya yanapoanza, Ngomeni hutajwa mapema. Mimi naunga mkono. Lakini nasema wazi kwamba mkataba wa aina hiyo usiandikwe Nairobi na Roma peke yake. Wavuvi wa Ngomeni wanajua ni wapi kamba huzalia na ni miezi gani bahari ya nje haiendeki. Hao ndio wa kuulizwa sehemu ipi ya ghuba ifungwe, lini, na fidia iwe nini. Bahari nayo inakula ufuo wa kijiji, na mikoko iliyofyekwa ndiyo iliyokuwa ikiuzuia. Kurudisha mikoko kunahitaji miche, tope lisiloguswa na vikundi vya wenyeji vinavyolipwa kwa kazi hiyo. Ni gharama ndogo kwa serikali mbili zinazozungumzia roketi.

Jambo la mwisho liko mikononi mwa Kaunti ya Kilifi, Makumbusho ya Taifa na Shirika la Anga la Kenya. Tarehe 12 Desemba 2030, Uhuru itatimiza miaka 60 tangu irushwe. Muda uliobaki unatosha kujenga chumba kimoja katikati ya kijiji, mlango wazi kwa mtoto wa shule ya msingi asiye na kitambulisho wala barua ya ruhusa, chenye ramani ya vyanzo 339, picha za Scout ikiondoka juu ya ghuba, na habari za meli iliyozama na shaba yake. Pia, mwalimu wa sayansi popote Kenya anaweza kuanza Jumatatu bila kungoja bajeti: awaambie wanafunzi wake kwamba setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka Kaunti ya Kilifi, na kwamba jina lake ni Uhuru.